Be Mbili

Ubao wangu wa chuoni, Keko Magurumbasi,
ulikuwa wa mninga, umemeguka pembe.
Maalim Pazi aliandika be, akaandika be nyingine,
akauliza: inasomwaje hii?
Tukanyamaza. Haisomwi, akasema, bado ni mifupa.
Akatia fataha juu: baba.
Akafuta kwa mate, akatia kasra chini: bibi.
Akafuta tena. Dhuma: bubu.
Herufi ni zile zile.

Miaka ishirini na mbili sikuikumbuka be,
mpaka masika haya, mabati ya Tandika yalipolia
na Kondo wangu, miaka mitano kasoro,
akaingia uvunguni mwa cherehani
akaziba masikio kwa vipande vya kitenge.
Mtoto huyu hajaona mafuriko.
Maji anayoyajua ni ya dumu,
na ya bomba, siku bomba likijisikia.

Mama yangu ndiye aliyeyaona.
Kigogo, bondeni, mimi tumboni mwezi wa saba:
maji yalipanda kitandani bila hodi,
yakabeba kabati, godoro, kuku wanne,
yakamwacha juu ya paa hadi alfajiri
kakumbatia antena.
Alipojifungua akautazama ukuta.
Majirani walisema: kapandisha, karogwa, anadeka.
Nilinyonya ziwa la mtu asiyekuwepo.
Simlaumu. Naandika tu.

Na mimi nilipomzaa Kondo niliutazama ukuta.
Arobaini ikaisha, uji wa pilipili manga ukaisha,
wageni wakaisha,
ukuta haukuisha.
Akilia nilimsikia kwa mbali
kama redio ya nyumba ya tatu.
Shaweji ndiye aliyemwogesha, akimwimbia vibaya.

Kliniki, Temeke, Sista Tumsifu
hakutaja mashetani wala mkosi.
Alisema sonona. Alisema ina dawa, na ina maneno.
Ndipo nikamuuliza la uvunguni:
mtoto anarithije mvua?
Akacheka kidogo, akageuza kadi ya chanjo, akachora.
Jeni ni maandishi, nusu yako, nusu ya baba yake,
hayo hayafutiki.
Ila juu yake hukaa vialama:
hii isomwe kwa sauti, ile inong'one.
Vingine hutiwa na hofu, na njaa,
vingine na mkono unaokuja ukiitwa.
Kama vinavuka toka kwa bibi hadi kwa mjukuu,
wenye elimu yao bado wanabishana.
Huenda mvua kaisoma usoni mwako, akasema,
unakunja uso wingu likitanda.
Sikujua kama ninakunja.

Nilikwenda na ile methali ya nyoka na mwanawe,
nikarudi nayo imekatika mkia.

Alama niipendayo ni sukuni,
kiduara kidogo juu ya herufi:
hapa usivute sauti, tulia.
Mvua ikianza naingia uvunguni naye,
magoti yakigoma,
namchorea kiduara mgongoni kwa kidole.
Kimoja. Kingine.
Moyo wake unakwenda kama cherehani ya mkesha wa Idi,
kisha kama ya Jumanne isiyo na mteja.
Siku nyingine haisaidii kitu. Anatetemeka mpaka mvua ichoke,
natetemeka naye,
tunatoka na nyuzi nyweleni.

Jana mama alikuwepo.
Alisimama mlangoni akikunja khanga iliyokwisha kunjwa,
akitutazama kama anayesoma bila miwani.
Mabati yakazidi.
Akapiga magoti, polepole, akajipenyeza,
akanigeuzia mgongo.
Hapa, akasema, panawasha.