Kituo

Miaka kumi na tisa Rimma Ustyugova
aliwatangazia watu wa Kotlas treni zao:
ya Vorkuta, reli ya tatu; ya Kirov, imechelewa;
tahadhari, ondokeni ukingoni.
Mimi nilikuwa dirisha la pili, nakata tiketi.
Kati ya treni na treni nilimwona akiandika
nyuma ya ratiba za mwaka uliopita,
penseli fupi kama kidole gumba,
chai imefanya utando.

Kitabu cha kwanza: nakala mia tatu.
Mia moja na arobaini zililala chini ya kitanda cha mama yake
pamoja na viazi.
"Angalau hapo havigandi," alisema,
sijui viazi, sijui vitabu.

Moscow walimwita mara moja. Wakampa cheti,
na mhakiki mmoja akaandika gazetini
kwamba mashairi yake yananuka makaa ya mawe.
Alikata kipande kile, akakibandika juu ya meza.
Sifa ni sifa.

Juu ya nchi hakuandika. Aliandika juu ya mama
aliyebeba ndoo ya uyoga wa chumvi hadi Pechora,
kwa mwanawe aliyekuwa jeshini,
akarudi na ndoo
imejaa vilevile.
Kwa beti hizo nne mkuu wa maktaba
alimwondoa rafuni, kimya kimya, siku ya Ijumaa,
akamwomba radhi Jumatatu, dukani,
kwenye foleni ya mkate.

Kisha koo.
Daktari wa Arkhangelsk alitoa uvimbe,
sauti nayo ikafuata.
Shirika la reli halikuhitaji koo: walikuwa wameshamrekodi,
kila mji, kila namba, kila "samahani kwa usumbufu,"
na mashine humshonashona upya saa baada ya saa.

Siku hizi huja jioni, theluji ina masizi,
husimama reli ya kwanza, skafu shingoni,
hujisikiliza.
Juzi mashine ilikwama.
Treni ya Vorkuta, reli ya… reli ya… reli ya…
Watu wakatazamana, mabegi mikononi.
Alikuja dirishani kwangu, akageuza tiketi iliyoharibika,
akaandika, akanisukumia chini ya kioo.
Nilidhani ni namba ya reli. Nikashika kipaza sauti
nipate kuwasomea abiria.

Hapo ni kituo, aliandika.
Mwacheni avute pumzi.