Mkanda wa Sita

Jumapili, Kibuye, kabla ya misa ya pili,
Rispa wa marobota hukata kamba kwa meno.
Sitafuti blauzi. Nangoja gunia la vitu vya watoto,
lile linalomwagwa mwisho juu ya turubai la samawati:
magari yasiyo na magurudumu, dubu mwenye jicho moja,
na humo, labda mara moja kwa miaka miwili,
uso ninaoujua.

Watu hukusanya stempu. Marehemu mume wangu alikusanya madeni.
Mimi ninao kumi na tisa kabatini,
wanasesere wa sinema za zamani:
nahodha aliyepoteza upanga,
mcheza dansi wa barafuni, goti limebanduka rangi,
muuguzi wa vitani ambaye kofia yake bado ina wanga.
Siwaogeshi kwa sabuni. Siwasuki upya.
Mdomo ukififia, naacha ufifie;
aliyezeeka ana haki ya kuonekana amezeeka.
Majirani wa Kaloleni walininong'ona uchawi
mpaka waliponikuta nikiwapangusa kwa mswaki,
miwani miwili puani, nikipiga chafya.

Baba alikuwa mkata tiketi, sinemani, nyuma ya stesheni,
jengo ambalo leo lina madhabahu na spika nne.
Filamu zilikuja kwa treni kutoka Nakuru,
makopo ya bati, mikanda sita.
Kumbi mbili, nakala moja.
Malaki alingoja mkanda uishe kule
akauleta huku kwa baiskeli,
jasho likimchuruzika, sisi gizani tukipiga miluzi.

Usiku ule alikuwa mwanamke wa koti jekundu.
Stesheni, mvuke, sanduku dogo mkononi.
Mkanda wa tano uliisha akiwa na mguu mmoja ngazini.
Wa sita haukufika.
Malaki aliteleza kwenye kivuko cha reli, kopo likafunguka,
utepe ukamwagika barabarani kama utumbo wa samaki,
na lori la pamba likapita juu yake.
Baba akawarudishia watu senti zao.
Mimi nikaenda nyumbani, mguu wangu mmoja ngazini,
miaka arobaini na minne.

Leo Rispa amemwaga gunia, na huyo hapo,
chali, koti limepauka hadi rangi ya nyama ya pera,
kiatu kimoja.
Na sanduku. Sanduku lenyewe, dogo kuliko kiberiti,
limeshonwa kiganjani.
Sokoni moyo hauanikwi.
Nikashika kwanza tingatinga la plastiki, nikauliza bei.
Rispa akacheka hadi leso ikamlegea:
"Mama Akeyo, huyo wa koti ni mia tatu.
Tingatinga nakupa bure."

Nyumbani nilifungua kifungo cha sanduku kwa pini.
Nilitaka nini? Tiketi labda, kipande cha karatasi,
jina la mji.
Palikuwa na jino.
La mtoto, la mbele, limefungwa uzi wa kijani.
Mtoto gani, wa nchi gani ya baridi,
alimkabidhi msafiri huyu mzigo wake,
akijua, kwa hakika ambayo mimi sikupata,
kwamba treni itaondoka naye?

Mjukuu wangu Tito akachomoa simu:
"Dani, nikutafutie? Dakika mbili tu
utajua kama alipanda."
Nikamwambia atazame chai, inafurika.

Nimemweka rafu ya juu, wa ishirini.
Jino nimelirudisha lilipokuwa, uzi na yote.
Kiatu cha pili sitamshonea:
mguu ulio peku ndio nilioutokeza hewani,
nje kidogo ya ukingo wa mbao.

Usiku treni ya mizigo inapopita kwenda bandarini
kabati zima hutetemeka, nahodha huinama, vioo hulia.
Nami, kabla sijawasha taa,
hupapasa gizani
kujua kama bado yupo.