Kibao

Nilikivaa siku tatu, darasa la nne, hapa hapa Arua,
kwa kosa la kumwita mbuzi *ndri*.
Kamba ya katani. Shingo bado inaikumbuka
kila nifungapo kola.

Leo chaki ni yangu. Watoto themanini na mmoja,
na Poni, aliyevuka mpaka na godoro kichwani,
wiki ya pili hajafungua kinywa.
Mkaguzi kaandika: mzito wa kuelewa.
Mzito? Jana nilimsikia bombani
akigombana na wanne kwa lugha tatu,
na foleni akaishinda.

Nikakitoa stoo, kibao kile kile,
mchwa wamekula pembe moja.
Nikainua kikombe, nikamimina taratibu:
haya kwenu mnayaitaje?
Kimya. Kisha, kama anayekopesha: *piong*.
Candiru akadakia, *yi*. Ocaya, *pii*.
Nassuuna, kutoka nyuma kabisa, *amazzi*.
Nikaandika yote, na *maji* yangu pembeni.
Kiingereza kikaja mwisho; nafasi ilikuwepo.

Sasa tumeuvisha mtungi, shingoni.
Wenyewe hauoni haya.
Na Poni, nimemhesabu,
huenda kunywa mara nyingi kuliko kiu yake.