Deni la Usiku wa Tano

Saa tisa usiku, wodi ya watoto.
Kisumu imelala chali na joto lake.
Mashine ya oksijeni inakoroma kwa niaba yetu.
Huu ni usiku wa tano; kope zangu
zina uzito wa magunia ya mchele wa Ahero.

Nimevuta dawa. Nimeinua sindano kwenye taa.
"Soma kwa sauti," asema Khavere,
bila kuinua macho kwenye daftari lake.
Nikasoma: sifuri nukta tano.
Nikatazama sindano: tano.
Ile nukta, ndogo kama yai la chawa,
ilikuwa imesinzia kabla yangu.

Hakuna aliyekufa. Nalisema hili mapema
maana najua msomaji hupenda msiba.
Mtoto wa Mama Atemo alipata kipimo chake,
akalia, akanyonya, akatapikia shuka safi.
Mimi ndiye niliyekwenda chooni nikatetemeka.

Khavere hakunikemea. Alinipeleka stoo ya mashuka,
akatandika blanketi juu ya maboksi ya glavu,
akatega simu: dakika ishirini.
"Ukizidisha utaamka mjinga kuliko ulivyolala.
Kisha nami zamu yangu."
Ndiyo sheria yetu tangu hapo.
Kwenye ratiba ya matroni haina mstari.

Dawa ya deni ni kulipa, sawa,
lakini usingizi ni kama yule mwenye duka wa Nyalenda:
huliandika jina lako huku akicheka nawe,
na siku ya kudai hachagui mahali,
hukushika kiwiko hata kama kimebeba mtoto.

Kwa hiyo nalipa.
Chai siigusi baada ya saa saba.
Asubuhi natoka na miwani ya jua
nisije nikaamini kwamba kumekucha.
Chumbani Manyatta nimeziba dirisha
kwa leso mbili na blanketi la harusi.
Saa tatu bati linaanza kualika,
na jirani yangu Nyangweso anakata vyuma.

Mwaka mzima nimemchukia
kwa Kijaluo nilichookota sokoni Kibuye.
Jana nilimwendea, nikamweleza habari ya nukta.
Hakusema kitu. Alizima msumeno,
akahesabu vyuma vya geti la mteja.

Leo, saa nne, namsikia akimwambia mwanagenzi wake
kwa sauti ya watu wanaodhani wananong'ona:
"Wacha hiyo. Mpaka saa nane.
Anza na rangi."