Kitenzi cha Kuvaa

Induo, induere, indui, indutum.
Tulikikariri Nyegezi, saa nne asubuhi,
wavulana arobaini wenye soksi zilizotoboka,
Padre Lwegasira akigonga meza kwa chaki
kana kwamba kitenzi kimejificha ndani ya mbao.

Alisema: Kilatini kina milango miwili hapa.
Waweza kumpa mtu joho,
waweza pia kumtia mtu ndani ya joho;
nani kabeba nani, mwisho wa neno utakwambia.
Na aliyejinasa mtegoni, alisema,
Mrumi husema ameuvaa mtego.

Kashinje, mwana wa Mwaloni, akanyoosha mkono:
"Padre, kwetu kuvua ni kuondoa shati,
na kuvua ni kutoa sato majini.
Sasa yule sato tunamvua nini?"
Darasa likacheka. Padre hakucheka.
Akachungulia dirishani;
ghuba nzima ilikuwa imevaa magugu maji.
"Tunamvua ziwa," akasema,
kisha akafuta ubao.

Karo ilinivua kanzu kidato cha tatu.
Sasa nina cherehani Mlango Mmoja,
napunguza makoti ya kafa ulaya,
mabega ya watu nisiowajua
nayashusha yawatoshe wauza dagaa.
Mfukoni mwa koti moja nilikuta tiketi ya treni,
safari ya kwenda tu.
Nani kamvaa nani, siulizi.
Nashona.

Juzi nimeitwa. Padre hawezi tena vifungo,
vidole vimegoma.
Chumba kinanuka mkaratusi na chai iliyopoa.
Nikampitisha mkono wa kushoto, ule mgonjwa, kwanza,
kisha wa kulia,
kama mama amvikavyo mtoto anayesinzia.
Akanong'ona: "Induat me…"
akasahau jina la anayemvika.
Nikangoja. Kola niliyompimia mwenyewe
inaizunguka shingo bila kuigusa.

"Yule wa sato," akauliza, "yuko wapi siku hizi?"
"Anavua, Padre. Kule Kome."
Sikumwambia kwamba mwaka juzi,
usiku, injini ikiwa imezimika,
ziwa lilimvaa.

"Mwambie nilijibu haraka mno.
Mwambie bado nafikiri."

Nikafunga kifungo cha mwisho.
Kikafunguka.
Nikakifunga tena.