Mkono wa Kushoto

Tulikodi jiko la mama kwa siku mbili,
Ofafa Jericho, nyumba ya kona.
Nyaya za taa zilipita dirishani zikang'oa pazia.
Nikamlipa kama mtu baki:
nusu kabla, nusu baada, risiti,
na sahihi yake iliyopinda.
Akazihesabu noti, akazisukuma chini ya kopo la majani.
Hakusema asante. Sikuitarajia.

Nafuna ndiye aliyekuwa yeye.
Leso kiunoni, sauti ya kukwaruza;
miezi mitatu nilimfundisha kusonya
kabla ya kutaja jina langu.

Mara ya kwanza, kofi. Kata.
Mara ya pili, kofi. Kata.
Mtoto aliyekuwa mimi
alifutwa machozi kila baada ya kofi,
akapewa mandazi.

Mara ya saba mama akatoka chumbani,
miwani kichwani,
akapita kati ya kamera na ukuta
kama anayewahi maziwa yasifurike.
"Siyo hivyo," akasema.

Nikajua: sasa atakana.
Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na tarehe.

"Siyo hivyo. Mkono gani huo?"
Akauinua wake, wa kushoto,
ule anaokatia sukuma,
ule waliomfunga kamba shuleni Kangundo
hadi akaandika kwa wa kulia, vibaya, maisha yake yote.
"Nilikupiga na huu, Syombua.
Ukaangukia huku, kwenye meko,
si kule kabatini."

Hakuna aliyesema kata.
Mimi ndiye wa kusema.
Miaka kumi na tisa nimelibeba kofi lile
kwenye shavu ambalo halikupigwa.

Akamshika Nafuna bega, akamgeuza,
akamwonyesha pa kusimama, kigoda kilipokuwa.
Nafuna, msanii hadi kwenye kucha, akauliza:
"Halafu? Baada ya kumpiga, ulifanya nini?"

Mama akaitazama sinki.
"Niliosha sufuria."
Kimya.
"Sufuria moja. Hadi saa nane usiku.
Hiyo hakuiandika."

Sikuiandika, kweli.
Nilikuwa nimejifunika gubigubi, uso ukutani,
nikiyasikia maji yakimwagika,
maji ya kununua, mtungi baada ya mtungi,
nikimlaani kimoyomoyo
kwa kuyamaliza, ilhali alfajiri
ni mimi nitakayetumwa kuyateka.