Simba wa Roko

Sikukuu ya somo wetu ni Agosti kumi na sita,
siku za rasharasha, mvua inapolowesha mabati ya Mikindani
na kuondoka kabla hujaanua nguo.
Alfajiri tunamtoa sakristia,
Mtakatifu Roko, mgongo kwanza, kama kabati.

Alikuja na Padre Ermete, ndani ya sanduku la majani makavu,
kutoka kijiji cha kwao, milimani Italia,
ambako, alituambia, barabara hupanda mpaka ikachoka
na Agosti jioni watu huvaa sweta.
Tulicheka. Sweta!
Roko mwenyewe amefunua paja,
anakionyesha kidonda kwa kidole, hana haya,
kama mgonjwa anayejua daktari ana haraka.

Mbwa wake hakufika.
Zilibaki nyayo nne za plasta juu ya ubao,
kilichosalia ni unga.
Na bila mbwa hadithi haisimami:
tauni, mwitu, mtu kakimbiwa na wenziwe,
na mnyama anamletea mkate kinywani kila siku.
Padre akaenda Changamwe kwa Mwanzia, mchongaji.
Mwanzia akasema: mbwa? Mbwa ni kitu gani. Njoo Jumamosi.

Ila miaka thelathini Mwanzia alikuwa akichongea watalii simba,
na mkono una mazoea yake.
Pua ilitoka ya mbwa, masikio pia,
kufika shingoni patasi ikakumbuka nyumbani:
manyoya yakashuka, mabega yakajaa.
Padre alimzunguka yule mnyama mara mbili.
Akavua miwani. Akaivaa.
"Haya," akasema, "huyu hatachoka njiani."

Somo, kwetu pwani, ni mwenye jina lako,
ni kungwi anayemfunda bibi harusi,
ni kile mwalimu alichofuta ubaoni kabla hujanakili.
Wetu ni huyu, na simba wake,
tunapita naye kandokando ya malori yaliyopanga foleni,
utingo wanavua kofia, mmoja aliwahi kuuliza bei.
Nashika pembe ya mbele, kushoto, pembe ya marehemu baba.
Yeye alikuwa mrefu. Mimi mfupi,
kwa hiyo mtakatifu huinamia upande wangu
na watu husema ananinong'oneza.
Hanong'onezi. Ni mzito tu.

Penye duka la mafuta ya taa hutoka Bi Mwanasiti
na mkate wa mofa ungali moto,
anaupachika mwenyewe kinywani mwa mnyama.
Mwaka wa kwanza aliuliza: na huyu nani?
Katekista akachelea, akajibu: simba.
"Simba. Haya."
Miaka kumi na tisa mkate haujakosa,
hata mwaka wa barakoa, tulipotoka wanne
na mtaa mzima ukatutazama kupitia nondo za madirisha,
mkate tuliukuta juu ya kigoda, umefunikwa kawa,
mlango umefungwa.

Juzi barazani kwake nikaona niungame.
Bi Mwanasiti, nikaanza, yule mnyama...
Hakuacha kupepeta mchele.
"Kwani simba hula mofa?" akasema.
Akatoa chuya moja, akaitupia kuku.

Padre tulimzika kabla ya Kwaresima.
Sasa imekuja barua ya mpwa wake:
kijijini wamebaki kumi na mmoja, na magoti yao.
Roko wa kule, pacha wa huyu, hatoki tena,
siku ya sikukuu wanamgeuza tu atazame dirishani.
Anaomba picha ya maandamano yetu.

Nimempelekea moja. Imepigwa mvuani, imetikisika.
Lori la kwenda Kampala, nusu.
Roko kainama.
Mimi sionekani, ila bega,
na mkono wa Bi Mwanasiti, wenye hina,
ukitoka katika meno ya mbwa.